Ukuta wa Shimo la Changarawe: Macho, Kanuni ya Pembe au Hesabu ya Maabara?

Mkoani Mwanza hakuna ujenzi usioanzia shimoni. Moramu ya barabara za mitaa, mchanga wa plasta, kokoto za zege, kifusi cha kujazia kiwanja: vyote vimechimbwa mahali fulani Ilemela, Magu, Misungwi au ng'ambo ya Sengerema, mara nyingi na mtu mwenye leseni ndogo, kijiko cha kukodi na kundi la vijana wa kupakia. Kila shimo lina ukuta, na chini ya ukuta kuna watu: opareta wa kijiko, wapakiaji wenye machepe, akina mama wanaochambua mawe, dereva wa tipa aliyejiegesha kivulini. Mita moja ya ujazo ya moramu ina uzito wa karibu tani 2. Mtu akifukiwa hadi kifuani hawezi tena kupanua mbavu avute pumzi, hata kama kichwa kiko nje.

Januari 2024, kwenye mgodi wa dhahabu wa Ng'alita wilayani Bariadi, mkoa jirani wa Simiyu, kifusi kiliua zaidi ya watu 20 katika kipindi cha mvua kubwa. Habari ile ilifika nchi nzima kwa sababu ya idadi ya waliokufa. Ukuta wa moramu unaomfunika kijana mmoja jioni hauandikwi popote, na familia yake inabaki na msiba ule ule.

Naandika kwa ajili ya mwenye shimo anayetaka kujua kama ukuta wake utasimama, na ambaye fedha zake zinatosha njia moja kwa sasa. Zinazofikika huku kwetu ni tatu: kukagua kwa macho na vigingi kila siku, kukata ukuta kwa kanuni ya pembe iliyokwisha kupangwa, na kumwita mhandisi wa udongo na miamba achukue sampuli, zipimwe, kisha afanye hesabu. Ipo ya nne, droni na mitambo ya kupima mwendo wa ukuta, ambayo nitaigusa kwa ufupi.

Ninakoegemea naweka wazi mapema: ukuta uliokatwa vibaya hauponi kwa kuangaliwa. Umbo la ukuta linatangulia.

Ukuta wa mfano

Ili tulinganishe kwa haki, tuchukue ukuta mmoja na kuupitisha kwenye njia zote. Una kimo cha mita 6, umekatwa karibu wima, ni moramu nyekundu iliyotokana na graniti iliyooza. Juu yake kuna rundo la udongo wa juu uliosukumwa kando wakati wa kufungua shimo, na tipa hupita mita 2 tu kutoka ukingoni. Umesimama kiangazi chote, Juni hadi Agosti, na mwenyewe anasema haujawahi kumwaga hata punje.

Macho na vigingi

Mkaguzi mzuri wa macho haanzii chini, anaanzia juu. Anatembea nyuma ya ukingo akitafuta ufa unaokwenda sambamba nao. Ufa wa namna hiyo ndio ishara kubwa kuliko zote, maana unaonyesha kwamba kipande cha mbele kimeshaanza kuachana na ardhi ya nyuma. Kisha anatazama kama rundo la udongo limesogea, kama kuna mti ulioinama, kama mizizi imevutika. Akishuka chini anatafuta udongo mbichi uliomwagika usiku, maji yanayochuruzika mahali palipokuwa pakavu jana, na sehemu ambazo vijana wamechimba kwa kuingia ndani ili moramu ya juu ijimwage yenyewe. Hilo la mwisho ndilo linaloua zaidi, na ndilo wachimbaji hulifanya kwa sababu linapunguza kazi ya sululu.

Kwenye ukuta wetu mkaguzi angeona mambo mawili ndani ya dakika tano: rundo lililo juu na njia ya tipa iliyo karibu mno. Yote mawili yanaongeza uzito pale pale ambapo ukuta hauutaki. Kuyaondoa hakuhitaji maabara wala mhandisi.

Ufa ukionekana, pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, vyenye misumari kichwani, na upime umbali kati ya misumari kila asubuhi na kila baada ya mvua. Andika kwenye daftari. Linalotafutwa ni kasi ya ufa zaidi ya upana wake. Mtafiti wa Kijapani, Fukuzono, alionyesha mwaka 1985 kwamba ukichora kinyume cha kasi (yaani 1 gawanya kwa kasi) dhidi ya siku, mara nyingi mstari unashuka kuelekea sifuri, na pale unapogusa sifuri ndipo ukuta unapoporomoka. Chukua ufa uliofunguka milimita 1 siku ya kwanza, 1.3 ya pili, 2 ya tatu, 4 ya nne. Kinyume chake ni 1, 0.77, 0.5, 0.25. Siku ya tano mstari unafika chini. Mtu anayetazama milimita 4 peke yake ataona ni kidogo, lakini mwenye daftari ataondoa watu siku ya tatu.

Hapo ndipo penye nguvu ya macho: yanaona kilichobadilika tangu jana, na gharama yake ni mshahara wa mtu mmoja mwangalifu. Udhaifu wake ni mkubwa vilevile. Macho hayakuambii uko umbali gani na hatari. Na mbaya zaidi, ukuta mfupi, mkavu na wima wa moramu au mchanga mara nyingi haupasuki polepole. Unasimama kama ulivyo, kisha unamwagika kwa mara moja. Vigingi vinafaa mteremko mkubwa wenye udongo wa mfinyanzi unaotambaa taratibu. Kwenye ukuta wetu wa mita 6 vinaweza visiseme lolote hadi dakika ya mwisho.

Kanuni ya pembe

Njia ya pili haiulizi ukuta una nguvu kiasi gani. Inachukulia kwamba ni dhaifu na kuulaza ipasavyo. Kanuni inayonukuliwa sana duniani ni ile ya mamlaka ya usalama kazini ya Marekani kwa mashimo ya muda ya ujenzi: udongo mgumu unaoshikana vizuri ukatwe usizidi nyuzi 53, wa kati nyuzi 45, na udongo legelege kama mchanga na changarawe nyuzi 34, yaani mita 1.5 za mlalo kwa kila mita 1 ya kimo. Kanuni hiyo inaishia kimo cha futi 20, karibu mita 6. Kupita hapo wanataka mhandisi. Haikuandikwa kwa ajili ya machimbo, lakini kwa mtu asiye na taarifa yoyote ya udongo wake ni pa kuanzia pazuri kuliko kukisia.

Kuipima ni rahisi. Simu nyingi zina programu ya kupima mwinuko. Ukikosa, tepu na timazi vinatosha kujua mlalo na kimo. Opareta wa kijiko anaweza kuifuata akionyeshwa kigezo cha mbao kilichokatwa kwa pembe hiyo.

Gharama yake imejificha. Ukuta wa mita 6 uliolazwa nyuzi 34 unahitaji mita 9 za mlalo, na ule wa nyuzi 45 unahitaji mita 6. Kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta, nyuzi 34 zinaacha ardhini mita 27 za ujazo, nyuzi 45 zinaacha 18. Tofauti ni mita 9 za ujazo. Ukuta wenye urefu wa mita 100 unafanya mita 900 za ujazo, sawa na safari 90 za tipa la mita 10, hata kabla udongo haujafutuka kwa kuchimbwa. Mwenye shimo anapolalamika kwamba kanuni inamfungia mali ardhini, analalamika kwa haki. Weka hesabu hiyo na bei ya mhandisi kwenye karatasi moja, uone ipi nzito.

Maabara na hesabu

Kuna jambo linalochanganya watu wengi huku. Mkandarasi wa barabara anapotaka moramu, huipeleka maabara na kupewa ripoti ya CBR (kipimo cha uwezo wa udongo kubeba barabara), mgawanyo wa chembe na mshindilio. Mwenye shimo anaiweka ripoti hiyo kwenye faili na kuamini kwamba udongo wake "umepimwa". Umepimwa kwa ajili ya barabara. CBR hufanywa kwenye udongo uliovurugwa na kushindiliwa upya ndani ya kopo; haisemi chochote kuhusu ukuta uliosimama na nyufa zake, mizizi yake na unyevu wake. Kwa ukuta unahitaji bonge la udongo lisilovurugwa, lililokatwa kwa uangalifu na kufungwa lisipoteze unyevu, kisha lipimwe ukinzani wa kukatika: msuguano wa chembe na mshikamano wake, likiwa na unyevu wa kawaida na likiwa limelowa kabisa. Ukiletewa kipimo cha udongo mkavu pekee, umelipia nusu ya jibu, tena ile nusu isiyoua.

Tuone kwa namba. Tuseme maabara imetoa msuguano wa nyuzi 30, uzito wa kilonewtoni 19 kwa mita ya ujazo, na mshikamano wa kilopaskali 20 udongo ukiwa na unyevunyevu wa kawaida. Kwa kanuni ya kimo cha mwisho cha ukuta wima (mara 4 ya mshikamano, gawanya kwa uzito, zidisha kwa tanjenti ya nyuzi 45 jumlisha nusu ya msuguano) tunapata mita 7.3. Ukuta wetu wa mita 6 unasimama, kwa akiba ndogo. Ndiyo maana umesimama kiangazi chote.

Sasa weka ufa nyuma ya ukingo. Kwa makadirio ya kawaida ya ukuta wenye ufa, mara 4 inashuka kuwa mara 2.67, na kimo cha mwisho kinakuwa mita 4.9. Ukuta wa mita 6 umeshavuka. Kisha uloweshe. Sehemu kubwa ya mshikamano wa moramu na wa luseni (udongo wa kichanga, kwa Kisukuma) hutokana na maji kidogo yaliyoshika chembe kwa mvuto. Udongo ukijaa maji, mvuto huo unapotea. Mshikamano ukishuka hadi kilopaskali 5, kimo cha mwisho, hata bila ufa, ni mita 1.8. Udongo ule ule, shimo lile lile, kutoka mita 7.3 hadi chini ya kimo cha mlango.

Namba hizi ni za mfano, lakini mwendo wake ni wa kweli, na ni kitu ambacho macho hayawezi kukupa. Hili ndilo jibu la anayesema ukuta wake haujawahi kumwaga: haujawahi kupimwa na mvua ya kutosha.

Kwa ukuta uliolala, mhandisi hutumia njia ya kugawa kipande kinachoweza kuteleza katika vipande vyembamba na kujumlisha nguvu zake. Njia hiyo ilizaliwa Sweden baada ya gati la Göteborg kuporomoka mwaka 1916, na namna inayotumika sana leo ilipangwa na Bishop mwaka 1955. Inaingia kwenye jedwali la kompyuta bila taabu. Jibu ni uwiano wa usalama: nguvu inayoshikilia gawanya kwa nguvu inayosukuma. Ukiwa 1.0, ukuta uko ukingoni mwa kuanguka. Kwa ukuta wa muda wahandisi hutaka karibu 1.3, kwa ule utakaobaki baada ya shimo kufungwa 1.5. Hesabu inaweza pia kubeba uzito wa tipa juu na mtikisiko wa ardhi. Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilisikika hadi Mwanza, kwa hiyo si jambo la kuliondoa kwenye karatasi kwa haraka.

Udhaifu wa njia hii: inategemea bonge mbili tatu za udongo kuwakilisha ukuta mzima, na inahesabu ukuta uliochorwa. Kijana akichimba pango chini yake wiki inayofuata, ripoti haitambui.

Maji, ambayo kila njia inayaona kivyake

Mvua zetu ni za vipindi viwili, Oktoba hadi Desemba na Machi hadi Mei. Mkaguzi wa macho anayaona maji yakishatoka. Pembe peke yake haiyaoni: mchanga wenye msuguano wa nyuzi 35 uliolazwa mita 2 kwa 1 una uwiano wa 1.4 ukiwa mkavu, lakini maji yakitiririka ndani yake sambamba na mteremko, uwiano unakatika karibu nusu, 0.7. Pembe haijabadilika, na mteremko umeanguka. Hesabu pekee inayaona mapema, mradi mhandisi ameambiwa maji yanafika wapi msimu ukiwa mbaya zaidi.

Wenye mashimo ya mchanga karibu na ziwa waliangalie hili kwa jicho la pekee. Ziwa lilipanda sana mwaka 1964, tena 2020 na 2024, na maji ya ardhini ya ufukweni hupanda pamoja nalo. Ukuta uliohesabiwa kwa maji ya mwaka mkavu si ukuta ule ule.

Na kuna pampu. Shimo limejaa baada ya mvua, wateja wanasubiri, mwenye shimo anakodi pampu kubwa na kulikausha kwa usiku mmoja. Maji yaliyokuwa shimoni yalikuwa yanaegemea ukuta na kuusaidia. Yakitolewa ghafla, yale yaliyo ndani ya ukuta bado yapo, mazito, yanasukuma nje, na hakuna tena cha kuyazuia. Asubuhi watu wanashuka kwenye shimo kavu chini ya ukuta uliolowa. Nawasihi wenye pampu: shusheni maji kidogo kidogo, na mtu asisimame chini ya ukuta mpaka nao umechuruzika.

Mawe yaliyofichwa

Mji huu umejengwa juu ya graniti, na Jiwe la Bismarck si peke yake lililochongwa na kuoza kwa mwamba. Mawe duara ya aina hiyo yamebaki pia ndani ya udongo, yakiwa mazima huku graniti iliyoyazunguka imegeuka changarawe. Ukuta wa moramu unaweza kubeba jiwe la tani kadhaa lililoshikwa na udongo laini, na mvua ikiosha udongo huo, jiwe linatoka. Hesabu ya vipande haijui kuna jiwe. Hapa macho yanashinda maabara waziwazi: jiwe linalochomoza zaidi ya theluthi lishushwe na kijiko, kikiwa kimesimama upande, kabla ya mtu yeyote kupita chini.

Machimbo ya kokoto kwenye mwamba mgumu ni habari nyingine. Huko kinachoangusha ni nyufa za asili za mwamba. Mhandisi au mjiolojia anapima kwa dira mwelekeo na mlalo wa kila kundi la nyufa. Ufa unaoinamia shimoni kwa pembe kali kuliko msuguano wake, lakini isiyo kali kama uso wa ukuta, unaachia bamba la mwamba liteleze. Siku moja ya dira inatoa faida kubwa kuliko sanduku la sampuli.

Droni na mitambo

Droni inatoa ramani nzuri ya shimo na hesabu ya ujazo uliochimbwa, na hilo linafaa kwa biashara. Kuirusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Ilemela kuna uwanja wa ndege. Kama chombo cha kutambua ukuta utakaoanguka wiki hii, kwenye shimo la mita 6, ningeacha. Rada na vioo vya kupimia ni vya migodi mikubwa ya Geita na mfano wake.

Kwa hiyo nilipie ipi?

Kama ukuta hauzidi mita 3, watu wanachimba kwa sululu na hakuna maji, chukua kanuni ya pembe na mkaguzi wa asubuhi. Mkaguzi huyo awe na mamlaka ya kusimamisha kazi bila kumpigia bosi simu. Asipokuwa nayo, umeajiri mtazamaji tu.

Kama ukuta uko mita 3 hadi 6 na moramu yako ni nzuri kiasi kwamba nyuzi 34 zinakuuma, lipia maabara. Hapo ndipo mhandisi anajilipa mwenyewe kwa zile mita za ujazo atakazokufungulia. Mpaka ripoti ije, chimba kwa 34.

Kupita mita 6, au shimo likiwa karibu na ziwa, barabara, nyumba au nguzo za umeme, sioni hiari. Hesabu lazima, na ukuta ukatwe kwa ngazi, zenye upana wa kutosha kushika kinachomwagika kutoka juu.

Bajeti ikiwa sifuri kabisa, leo hii: sogeza rundo la juu na njia ya tipa nyuma, angalau kwa umbali unaolingana na kimo cha ukuta, piga marufuku kuchimba kwa kuingia ndani, chimba mfereji nyuma ya ukingo ili maji ya mvua yasiingie ukutani. Kwenye ukuta wetu wa mfano hayo matatu yangefanya kazi kubwa kuliko kifaa chochote cha kununua, ingawa bado usingekuwa ukuta wa kumsimamisha mtu chini yake Novemba.

Unapoagiza kazi kwa mhandisi, mwambie aandike mambo manne kwenye ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili, ili opareta na msimamizi waelewe: pembe ya mwisho ya kila aina ya udongo, kimo cha juu cha kila ngazi, umbali wa tipa kutoka ukingoni, na kiwango cha maji ambacho kikifikiwa kazi inasimama. Nakala moja ibandikwe kwenye kibanda cha shimo, nyingine iwekwe pamoja na daftari la vigingi, kwa ajili ya mkaguzi wa Tume ya Madini atakapofika.